Mahema ya Kukunja kwa Ajili ya Nyantakara: Maelezo ya Kamati ya Fedha

(Hotuba iliyosomwa kwa niaba ya kamati ya fedha katika mkutano wa mwaka wa wana-Nyantakara waishio Dar es Salaam)



Kwa kawaida kamati ya fedha ikisimama, watu huona ndiyo nafasi ya kwenda kununua soda. Tunalijua hilo na hatuna kinyongo. Taarifa ya mapato na matumizi imechapishwa ndani ya kijitabu hiki, kila mmoja ataisoma kwa nafasi yake, na mwenye swali atatukuta pale mezani. Leo tumeomba muda ili tueleze jambo moja lililomo kwenye bajeti ya harambee, ambalo tangu lilipotajwa limezua maneno: ununuzi wa mahema 12 ya kukunja.

Maneno yenyewe tumeyasikia. Mzee wetu mmoja aliuliza katika kikao cha maandalizi kama chama cha maendeleo sasa kimegeuka kampuni ya kupamba harusi. Kijana mwingine akaandika kwenye kundi letu la WhatsApp kwamba wenzetu wa kata nyingine wanachangia madarasa na sisi tunachangia vivuli. Ni maswali ya haki, na mtu anayetoa fedha yake ana haki ya kujibiwa kabla hajaingiza mkono mfukoni.

Tuanze na msiba, maana huko ndiko fedha nyingi za watu wa nyumbani zinakokwenda bila kuandikwa popote. Mtu akifariki Nyantakara, kabla hata taarifa haijatufikia huku, vijana wa jirani wameshaingia kazini. Anatafutwa mwenye turubai. Kama ni wakati wa mavuno, turubai la nyumbani lina mahindi au maharage yaliyoanikwa. Yanazolewa harakaharaka na kuingizwa ndani kabla hayajakauka. Inakatwa miti ya nguzo, michache kama msiba ni mdogo, mingi kama marehemu alikuwa mtu wa watu. Kamba za ng'ombe zinaazimwa. Mwenye uwezo hukodi yale maturubai makubwa ya mabomba, yanayokuja kwa pikapu au Fuso pamoja na vijana wa kuyafunga. Hapo mfiwa analipia turubai, analipia gari kwenda na kurudi, analisha wafungaji, na gari likikwama kwenye matope ya Machi analipa pia wa kulisukuma. Mazishi yakisogezwa siku moja kwa sababu mtoto wa marehemu bado yuko kwenye basi kutoka Dar es Salaam, siku hiyo nayo inaongezwa kwenye deni.

Sisi wa mjini tunaujua upande mmoja tu wa habari hii. Tunapokea ujumbe kwamba msiba umetufikia, tunatuma mchango kwa simu, tunaandika pole. Hatuulizi fedha ilikwenda wapi, na si adabu kuuliza. Lakini familia chache zilikubali kukaa nasi na madaftari yao ya msiba, wakati machozi yamekwisha kukauka. Tulichokiona ni kwamba gharama ya kivuli na viti ilikuwa ikikimbizana na gharama ya chakula. Familia moja ilikuwa bado inalipa deni la turubai wakati arobaini imeshapita. Watu wanakopa ili waombolezaji wasikae juani, na hatuwezi kuwaambia wasifanye hivyo, kwa sababu hata sisi tusingekubali mama zetu wakae juani.

Jambo la pili ni kliniki ya watoto. Wengi wetu tulipimwa uzito tukiwa tumening'inizwa kwenye mzani uliofungwa kwenye tawi la mwembe, tukilia kana kwamba tunauzwa. Huduma za mkoba bado zinafanyika hivyo katika vitongoji vilivyo mbali na zahanati. Muuguzi anafika kwa pikipiki na kasha lake la chanjo, anatafuta mti. Mti ukiwa mkubwa, siku ni njema. Mti ukiwa na majani machache, au mvua ya vuli ikianza saa 5 asubuhi, kina mama wanakimbilia kwenye mapaa ya nyumba za watu na foleni inavunjika.

Hapa tumejifunza jambo kutoka kwa watu wa afya ambalo hatukulijua. Chanjo zile husafirishwa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8, na kasha la chanjo linatakiwa likae kivulini muda wote wa kazi. Chanjo ya surua na ile ya kifua kikuu, BCG, huja kama unga unaochanganywa na maji yake maalumu palepale. Ikishachanganywa inaharibiwa na joto na mwanga wa jua, na isipotumika ndani ya saa 6 inatupwa. Kwa hiyo kivuli pale kinamtunza mama, na kinaitunza chanjo pia. Mama aliyetembea umbali mrefu na mtoto mgongoni akiambiwa arudi wiki ijayo kwa sababu mvua imevuruga kazi, wengine hurudi na wengine hawarudi.

La tatu tulitamani tusilazimike kulisema. Tarehe 20 Januari 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuwepo kwa ugonjwa wa Marburg wilayani Biharamulo. Hadi mlipuko ulipotangazwa kwisha tarehe 13 Machi, wagonjwa waliohesabiwa walikuwa 10, wawili kati yao wakiwa wamethibitishwa na maabara, na wote 10 walifariki. Kagera ilikuwa imeupata ugonjwa huo huo mwaka 2023, upande wa Bukoba Vijijini. Hatuko hapa kueleza habari za virusi, wataalamu wapo. Tunasema tu kwamba kazi ya mwanzo kabisa katika mlipuko wa namna ile ni kuwachuja watu kabla hawajaingia ndani ya zahanati: nani ana homa, nani hana, nani akae wapi. Kazi hiyo inafanyika nje, penye hewa, kwa kuachiana nafasi. Zahanati zetu zina kibaraza kimoja, na kibaraza kimoja hakitenganishi watu. Siku ile ya Januari, sehemu isiyo na hema lolote inasubiri hema litoke wilayani au mkoani. Siku hizo za kusubiri ndizo zinazotunyima usingizi.

Watu wa Kagera hatuhitaji kufundishwa thamani ya turubai. Tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016 lilipobomoa nyumba Bukoba na wilaya za jirani, watu walilala nje na wanafunzi wa Ihungo na Nyakato walijikuta hawana shule. Na sisi wa ukanda huu wa Ngara na Biharamulo tuna kumbukumbu ya zamani zaidi. Wengi wetu tuliokuwa wanafunzi mwaka 1994 tunakumbuka mwisho wa Aprili, Wanyarwanda walipovuka daraja la Rusumo. UNHCR ilikadiria watu 250,000 ndani ya saa 24. Pale Benaco, mahali palipochukua jina la kampuni ya ujenzi wa barabara, mlima mzima uligeuka rangi ya buluu kwa maturubai ya plastiki. Kambi za Warwanda zilipofungwa Desemba 1996, maturubai yalibaki. Yaliezeka majiko, yakawa milango ya vyoo, yakaanikia mihogo, yakafunika maiti za watu wetu zikisubiri jeneza. Ukienda nyumbani leo na kumwambia bibi alete turubai, bado wapo wanaoliita la wakimbizi, hata kama limenunuliwa dukani mwaka jana.

Turubai lile lilikuwa zuri kwa kazi yake. Lakini ni paa lisilo na mifupa. Kila unapolitaka, lazima utafute nguzo, na nguzo ni miti. Mtu akipata nafasi akae na vijana wa kitongoji chake wahesabu pamoja miti iliyokatwa kwa misiba na sherehe mwaka mzima. Mingi hutumika siku tatu, kisha inakuwa kuni.

Hema la kukunja limetatua jambo hilo la mifupa. Mmeliona, hata kama hamlijui jina. Ni lile la kampuni za simu linalokunjuliwa stendi vijana wakisajili laini, muziki ukipiga kwa sauti ya kuumiza masikio. Huletwa likiwa limefungwa kwenye mfuko mrefu kama furushi la mikeka. Watu wawili au wanne wanashika pembe, wanarudi nyuma, na vyuma vyake vinafunguka kwa mtindo wa mkasi, kimoja kikikisukuma kingine, mpaka paa linanyanyuka. Miguu inavutwa, inalia "ta!", imefunga. Hakuna nati wala spana, na hakuna chuma cha kupotea kwenye majani, maana vyote vimeunganishwa. Fremu za namna hii zilipata hataza huko Marekani miaka ya 1980, na leo zinatengenezwa kwa wingi China na kujaa Kariakoo. Tulijaribu moja uani kwa mwanachama mwenzetu. Wahasibu watatu, ambao kazi yetu nzito kuliko zote ni kubeba mafaili, tulilisimamisha kwa dakika sita, na mara ya pili kwa dakika tatu.

Sifa yake kubwa kwetu, kwa maoni ya kamati, ni kwamba linapakiwa kwenye bodaboda. Lile dogo la mita 3 kwa 3 lenye fremu ya chuma lina uzito wa kilo 20 na kitu, chini ya nusu gunia la mahindi. Lile la mita 3 kwa 6 ni zito zaidi, lakini pikipiki moja inalibeba. Kwa hiyo Fuso linaondoka kwenye hesabu, na kwa jiografia yetu hilo ni jambo kubwa. Turubai la mabomba linafika pale gari linapofika. Hema la kukunja linafika pale bodaboda inapofika, na sote tunajua bodaboda za kwetu zinafika wapi.

Sasa tuseme ubaya wake, maana muuzaji hatawaambia.

Upepo ndio adui wa kwanza. Hema lililo wazi pande zote ni mwavuli mkubwa, na mwavuli usioshikwa unaruka. Vile vigingi vidogo vinavyokuja ndani ya mfuko havitoshi kwenye udongo uliolowa. Kila mguu unahitaji uzito wa kilo 20 hivi. Huna haja ya kununua kitu: dumu la lita 20 lililojaa maji ni kilo 20, na madumu hayakosekani kwenye msiba wowote. Lile la mita 3 kwa 6 lina miguu sita, basi ni madumu sita, yakifungwa kwa kamba na si kuegeshwa tu. Na upepo ukizidi, hema linashushwa. Afadhali watu walowe kuliko chuma kimwangukie mtoto.

Maji ni adui wa pili, na hapa tuvumilieni kidogo kwa hesabu. Mvua ya milimita moja ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji, yaani kilo moja. Paa la mita 3 kwa 6 lina mita za mraba 18. Mvua ya milimita 10, ambayo kwetu ni manyunyu ya kawaida ya mchana wa Aprili, ikituama yote juu ya paa hilo ni lita 180. Huo ni uzito wa watu watatu wazima wamekaa juu ya kitambaa. Paa likivutwa vizuri maji yanateleza na kwenda zake. Likilegea, yanatengeneza kibwawa kwenye pembe, kibwawa kinavuta kitambaa, kitambaa kinapinda chuma, na chuma kikishapinda hakinyooki tena sawasawa. Wanaosimamia hema wakati wa mvua wanatakiwa wawe na mti wenye ncha iliyofungwa kitambaa wa kusukumia maji juu. Basi, ni hilo tu, lakini lisipofanyika hema linakufa msimu wa kwanza.

Radi hatuna dawa yake. Ukanda wetu wa Ziwa ni wa radi nyingi, na fremu ya chuma uwanjani haimkingi mtu. Ngurumo zikikaribia, watu waingie kwenye nyumba iliyojengwa, hata kama padre hajamaliza mahubiri. Na moto usiwashwe chini yake. Poliesta haiungui kama makuti, inayeyuka na kudondoka ikiwa ya moto juu ya watu. Jiko la msiba likae mbali, kina mama wapikaji wapate kivuli chao kingine cha bati.

Katika kununua, tumekubaliana kutofuata bei ya chini. Yapo mahema ya bei rahisi yenye miguu myembamba ambayo ukiibonyeza kwa kidole gumba unaona inabonyea. Hayo yanafaa kwa mtu anayeuza juisi mara moja kwa mwezi. Tunataka chuma kinene kilichopakwa rangi ya kuzuia kutu, viungo vya nailoni vinavyoweza kununuliwa kimoja kimoja, na kitambaa kizito kilichopakwa plastiki kwa ndani. Tutanunua pia mapaa ya akiba, kwa kuwa kitambaa huchakaa mbele ya chuma. Bei tatu tulizozikusanya kutoka maduka matatu zimo kwenye ukurasa wa bajeti, mkiona mahali mnapoweza kutupatia bei bora kwa ubora huohuo, njooni mtuambie leo.

Tunayoomba ni manane ya mita 3 kwa 6 na manne ya mita 3 kwa 3. Jumla yake ni mita za mraba 180. Mtu aliyekaa kwenye kiti cha plastiki anahitaji kati ya robo tatu ya mita ya mraba na mita nzima, kwa hiyo mahema yote yakiungana yanafunika watu kati ya 180 na 240. Huo ni msiba mkubwa. Kwa siku za kawaida hayataungana: yatakaa katika vituo vitatu vitakavyochaguliwa na wenyeji wenyewe, ili kila upande wa kata uwe na yake karibu.

Je, yanalipa? Tuchukulie kwa ajili ya hesabu tu kwamba kubwa moja linatufikia kwa shilingi 900,000 na dogo kwa shilingi 500,000. Manane na manne yanakuwa shilingi 9,200,000. Tuseme yatadumu miaka minne na baada ya hapo hayana thamani tena. Kila mwaka yanakula shilingi 2,300,000 za uchakavu. Tuongeze matengenezo, asilimia 20 ya bei kila mwaka, ambayo ni shilingi 1,840,000. Gharama ya mwaka ni shilingi 4,140,000. Yakitumika siku 100 kwa mwaka, yaani kama siku mbili kila wiki, siku moja inagharimu shilingi 41,400 kwa mahema yote 12. Kila aliyefiwa hapa miaka ya karibuni anakumbuka alilipa nini, alinganishe mwenyewe.

Lakini hesabu hiyohiyo ina upande wa pili na hatutauficha. Yakitumika siku 20 tu kwa mwaka, siku moja inagharimu shilingi 207,000, na hapo ni heri tungekodi. Mali isiyotumika ni ghali kuliko mali iliyochakaa. Kinachotutia wasiwasi kuliko upepo na mvua ni mtu mmoja mwenye ufunguo atakayeyageuza kuwa yake, au mtu mmoja mwenye hofu atakayeyafungia yasiharibike. Tumewahi kuona darubini za maabara zikizeekea kwenye maboksi ya shule kwa sababu mwalimu aliogopa zitavunjika.

Ndiyo maana kanuni zimejadiliwa na wazee wa nyumbani kabla hatujaja kwenu. Msiba haulipi chochote, wa tajiri na wa maskini, wa mwanachama na wa asiyekuwa mwanachama, wa mwenyeji na wa mhamiaji aliyefika juzi kutafuta shamba. Kuna waliopendekeza asiyelipa ada ya chama atozwe akifiwa. Tumekataa. Ada tunaidai kwa njia nyingine, hatuidai mbele ya jeneza. Kliniki ya mkoba na kampeni za chanjo hazilipi, na siku muuguzi na msiba wanapolitaka hema moja, muuguzi anapewa moja dogo na msiba unapewa yaliyobaki. Hili lilibishaniwa sana. Kuna aliyesema aliyekufa hangoji. Bibi mmoja wa makamo ya mama zetu akajibu kwamba hata mtoto wa surua hangoji, na kikao kikanyamaza.

Sherehe zinalipa: harusi, kipaimara, mahafali, ufunguzi wa duka. Tukichukulia shilingi 60,000 kwa sherehe, sherehe 31 kwa mwaka zinaleta shilingi 1,860,000, ambazo zinafunika matengenezo yote na chenji kidogo inabaki. Bado hazifuniki uchakavu, kwa hiyo baada ya miaka minne tutarudi kwenu tena na bakuli, safari hiyo tukiwa na daftari la kuonyesha yalitumikaje. Mikutano ya siasa haitapewa, ya chama chochote, hata kwa malipo, hata mgombea akiwa mtoto wetu. Hema likishaonekana chini ya bendera moja, wa bendera nyingine hatakuja kuliomba akifiwa.

Wakati wa mlipuko, Mungu apishe mbali, madogo manne yanakabidhiwa kwa watu wa afya kwa maandishi na hayarudi kwenye misiba mpaka wao wenyewe waseme yamesafishwa na yako salama.

Utunzaji ni wa vijana sita, wawili kila kituo, watakaofundishwa na kulipwa posho ndogo kila hema linapotoka. Kazi yao kubwa iko kwenye kukunja kuliko kukunjua. Hema likikunjwa likiwa limelowa na kufungiwa stoo, ndani ya siku chache lina ukungu, na ndani ya mwezi viungo vimeshika kutu. Lazima likunjuliwe tena kesho yake likauke. Litundikwe juu, mbali na panya. Kila hema litakuwa na namba iliyochorwa kwenye mguu na kwenye paa, na daftari la kituo litaandika limetoka lini, kwa nani, limerudi lini, na lina jeraha gani. Ufunguo utakuwa wa watu wawili, na mmoja wao awe mwanamke. Hatukuweka sharti hilo kwa kufuata mtindo. Kina mama ndio wanaojua kliniki ni lini.

Tumebaki na swali la ukumbi, maana tunajua litaulizwa na mzee wetu aliyekaa pale mbele ameshaanza kunyoosha mkono. Kwa nini tusijenge ukumbi mmoja mzuri wa tofali, udumu miaka 50? Hatuupingi. Lakini maiti wa kwetu halazwi ukumbini, analazwa nyumbani kwake, na watu wanakwenda alipo. Mtoto wa kitongoji cha mwisho hapelekwi kupimwa ukumbini makao makuu ya kata, angepelekwa huko asingehitaji mkoba. Ukumbi unafaa mkutano wa diwani na mitihani ya moko, na siku uwezo wetu ukifika tutausimamia. Fedha za madarasa hazijaguswa. Ziko kwenye fungu lake, ukurasa unaofuata bajeti ya mahema, na mwenye kutaka kuchangia darasa peke yake aandike hivyo kwenye fomu na fedha yake itakwenda darasani.

Utaratibu wa leo ni huu. Fomu za ahadi ziko mwisho wa kijitabu hiki. Unaweza kuahidi hema zima, paa la akiba, mguu mmoja, au kiasi chochote. Familia tatu au nne zinaweza kuungana kwa hema moja. Jina la mtoaji halitaandikwa juu ya paa, kwa sababu wazee wameomba mfiwa asikae chini ya jina la mtu. Litaandikwa Nyantakara na namba yake, basi. Fedha taslimu zipokelewe mezani kwa stakabadhi, msimpe mtu mkononi hata kama ni mmoja wetu. Ahadi zilipwe kabla ya mwisho wa Agosti, ili mahema yapakiwe kwenye lori la mizigo Septemba, yashushwe Lusahunga, na vijana wa vituo wawe wameshafundishwa kabla mvua za vuli hazijakolea.

Wawili kati yetu tutasafiri nayo kwa gharama zetu wenyewe. Hema moja tunaliacha hapa nje ya ukumbi mpaka saa 11 jioni. Mwenye mashaka atoke akalikunjue kwa mikono yake, na vijana tafadhali msiwaache wazee wavute ile miguu peke yao, lachi zake zinabana vidole.

Soda zipo.